Tunalipia Rangi, Tunausahau Mshono

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia akilini kila nisafiripo katika barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Thika, hasa nikishaifikia Ruiru, ambako malango ya chuma husimamishwa kando ya njia mithili ya askari walio gwarideni. Yako meusi yenye nakshi za rangi ya dhahabu, yako yenye vichwa vya simba, na yako yenye mikuki juu na maua katikati. Mnunuzi hushuka garini, huligonga bati kwa kifundo cha kidole, huuliza bei, hubishana na fundi kwa nusu saa nzima, kisha hulipa na kwenda zake ameridhika. Katika muda huo wote hainami hata mara moja kuitazama bawaba.

Naitaja bawaba makusudi. Lango halianguki kwa sababu bati lake ni jembamba, wala kwa sababu simba wake hana meno. Mara nyingi huanguka kwa sababu ya mshono mmoja mfupi, wenye urefu wa kidole, unaoishikilia bawaba ya mviringo kwenye fremu iliyo bapa. Ni juu ya mshono huo nitakapo kuzungumza leo. Naamini kuwa wanunuzi, pamoja na wale waliopewa dhamana ya kusimamia kazi za mikono katika nchi hii, wamekuwa wakiilipia rangi na kuusahau mshono. Na hasara ya jambo hilo haimwangukii mwenye lango peke yake, bali humwangukia pia mtoto apitaye njia.

Thika imezoea kuitwa Birmingham ya Kenya, kwa kufananishwa na mji ule wa Uingereza uliovuma kwa viwanda vya vyuma. Ruiru nayo ilijulikana zaidi kwa kahawa, hata aina ya mbegu iliyotolewa kwa wakulima katika miaka ya 1980 ikaitwa Ruiru 11. Lakini mambo yamegeuka. Barabara kuu ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, safari ya kwenda mjini ikawa fupi, na mashamba mengi ya mibuni yakakatwa vipande vya kujengea. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa mji wa Ruiru ulikuwa na watu wapatao 490,000, karibu mara mbili ya wale wa Thika. Kila nyumba katika hizo zilizochipuka yahitaji mlango, madirisha yenye vyuma, na lango. Kwa hiyo ile kazi iliyokuwa ya viwanda vikubwa imehamia kwenye vibanda vya mabati kando ya njia, mikononi mwa mafundi wa jua kali wenye mashine ya umeme, nyundo na kifurushi cha vijiti vya kuchomelea, ambavyo wenyewe huviita rodi.

Hebu tuingie kibandani tuitazame kazi yenyewe.

Vipande viwili bapa vikiwekwa ubavu kwa ubavu, fundi huona waziwazi mahali pa kuvishona. Lakini ukikilaza chuma cha mviringo juu ya chuma bapa, havigusani ila kwenye mstari mmoja mwembamba kama uzi. Kila upande wa mstari huo hubaki bonde: pana kwa juu, jembamba kwa chini, na chini kabisa kuna pembe kali ambamo hata wembe hauwezi kupenya. Kazi ya fundi ni kulijaza bonde hilo kwa chuma kilichoyeyuka, kuanzia kule chini kabisa hadi juu. Hapo ndipo penye mtihani.

Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi za selsiasi. Tao la umeme, yaani ule muale wa kung'ara unaoruka kati ya ncha ya rodi na chuma, hupita nyuzi 5,000. Kwa hiyo nguvu ya kuyeyusha ipo tele. Tatizo ni kwamba tao hilo hurukia chuma kilicho karibu nalo zaidi. Fundi akiishikilia rodi juu juu, tao halitateremka kwenye shina la bonde. Litarukia kingo mbili za juu, chuma kitayeyuka hapo, na daraja litajengeka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwa macho mshono huo utapendeza, tena utakuwa na mawimbi mazuri kama magamba ya samaki. Chini yake hamna kitu ila uwazi, na ndani ya uwazi huo yamenaswa mavi ya chuma, yaani lile ganda linalotokana na dawa iliyopakwa kwenye rodi. Daraja limejengwa, lakini chini yake hakuna nguzo.

Wataalamu wa kazi hii wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Kanuni za Chama cha Uchomeleaji cha Marekani zinazohusu majengo ya chuma zinasema kwamba fundi anayechomelea kwa rodi, akilijaza bonde la namna hiyo hadi liwe sawa na uso wa chuma cha mviringo, mhandisi asiuhesabu unene wote aliouona. Ahesabu sehemu tano tu kati ya kumi na sita za nusu ya kipenyo. Tuchukue chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 16. Nusu yake ni milimita 8. Bonde likijazwa barabara, unene unaoruhusiwa kutegemewa ni milimita 2.5 tu. Hiyo ni hesabu ya fundi aliyefuzu, aliyelijaza bonde lote. Je, yule aliyepitisha mshono mmoja wa juu juu na kuufunika kwa rangi ahesabiwe milimita ngapi?

Sasa tuutazame mzigo. Tuseme ubawa mmoja wa lango una upana wa mita 2 na uzito wa kilo 150, nazo bawaba zake mbili zimeachana kwa mita 1.5. Uzito wa ubawa hukusanyika katikati yake, mita moja kutoka kwenye nguzo. Kwa hiyo bawaba ya juu huvutwa kutoka kwenye nguzo kwa nguvu ilingayo na uzito wa kilo 100, usiku na mchana, hata kama hakuna aliyeligusa lango. Mtoto wa kilo 30 akininginia kwenye ncha ya ubawa huo, kama watoto wapendavyo, huongeza mvuto wa kilo 40. Naye mwenye nyumba akilifungua na kulifunga mara ishirini kwa siku, mshono ule hutikiswa zaidi ya mara 7,000 kwa mwaka. Kila mtikiso huusukuma ufa mdogo ulioanzia kwenye ule uwazi wa chini. Ufa hauonekani kwa sababu umo ndani, na kwa nje kuna rangi.

Mimi mwenyewe nimepata kuliona lango lililoanguka. Lilikuwa katika ua wa nyumba za kupanga nilimokuwa nikiishi Ruiru, nalo halikuwa limetimiza miaka mitatu. Lilianguka asubuhi, muda mfupi baada ya watoto kwenda shule, na mchuuzi wa maziwa aliponea chupuchupu. Wapangaji walisema upepo ndio uliolitupa. Niliinama nikaiokota bawaba. Upande mmoja wa mshono ulikuwa na kutu nyekundu ya siku nyingi, na kando yake mstari mwembamba unaong'aa, usiozidi unene wa ukucha. Mstari huo peke yake ndio uliokuwa umelishikilia lango zima. Sehemu nyingine haikuwa imepata kushikana na chuma hata siku moja. Upepo ulisingiziwa tu.

Pengine msomaji atauliza: je, njia iliyo sawa ni ngumu kiasi gani? Si ngumu, ila yataka muda na subira. Naieleza hapa kwa ufupi, si ili kila mmoja wetu awe fundi, bali ili mnunuzi ajue anapaswa kulipia nini.

Kwanza ni usafi. Kutu, rangi ya zamani, grisi na mipako ya zinki sharti viondolewe kwa tupa au brashi ya waya hadi chuma king'ae, kwa maana uchafu ukiungua huwa hewa, na hewa ikinaswa ndani ya mshono huacha matundu. Zinki nayo ikiungua hutoa moshi ambao humletea fundi homa jioni.

Pili ni kuchagua rodi. Ile itumiwayo zaidi katika vibanda vyetu ina alama E6013. Tarakimu mbili za kwanza zinamaanisha kuwa chuma chake, kikishaganda, huweza kuvutwa kwa nguvu ya ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba kabla ya kukatika. Tarakimu 1 inamaanisha kuwa yaweza kutumika katika kila mkao, hata juu ya kichwa, nayo ya mwisho hutaja aina ya dawa iliyopakwa. Kwa mshono wa kwanza, ule wa shina, rodi nyembamba ya milimita 2.5 ndiyo ifaayo, kwa sababu huteremka bondeni. Mkondo wake ni baina ya ampea 60 na 90. Rodi nene ya milimita 3.2, iliyo na mkondo wa ampea 90 hadi 130, huachiwa kazi ya kujaza.

Tatu, fundi hupiga bandi kama afanyavyo mshonaji wa nguo: nukta chache za kushikiza, kisha husimama na kupima. Bawaba za juu na za chini sharti ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zikipishana hata kidogo, lango litazipinda kila lifunguliwapo, na hata mshono mzuri utachoka kabla ya wakati wake.

Nne ni ule mshono wa shina. Rodi huelekezwa kwenye pembe ya bonde, na urefu wa tao usizidi unene wa rodi yenyewe. Joto lielekezwe zaidi kwenye kipande kilicho kinene, kwa sababu hicho ndicho kinywacho joto. Mgeni wa kazi hii hulielekeza tao kwenye kipande chembamba, akakitoboa, huku kile kinene kikibaki baridi na chuma kikikilalia juu bila kushikana nacho. Mshono ukiisha, fundi asiinyakue rodi ghafla, bali atue kidogo akijaze kile kishimo cha mwisho, kwa kuwa nyufa nyingi huzaliwa hapo.

Tano, mavi ya chuma yagongwe kwa nyundo na kusuguliwa kwa brashi mpaka chuma kionekane, ndipo upitishwe mshono wa pili, na wa tatu ikibidi, hadi bonde lijae. Upande wa pili ufanyiwe vivyo hivyo, tena kwa kupokezana, kwa maana chuma kikipoa husinyaa, na upande uliochomelewa peke yake huivuta bawaba ikaenda upogo.

Na pale ambapo chuma cha mviringo husimama wima juu ya bamba, kama nguzo ya ngazi au vyuma vya dirisha, kazi hubadilika. Mshono hapo hauendi kwa mstari bali huzunguka, na kiganja cha fundi sharti kizunguke nao ili pembe ya rodi isibadilike. Fundi mwenye akili hushikiza nukta nne zinazokabiliana, kisha hushona robo kwa robo, akitoka upande huu kwenda ule wa mkabala, na kila robo huanzia juu ya mwisho wa ile iliyotangulia ili pasiachwe pengo.

Kuna na jambo la sita, ambalo ni la vibanda vyetu hasa. Bawaba nyingi hukatwa kutoka kwenye ekseli na vipuri vya magari makuukuu. Vyuma hivyo vina kaboni nyingi, na vikichomelewa kisha vikapozwa haraka, au vikamwagiwa maji kama ifanywavyo mara kwa mara mteja akiwa na haraka, sehemu iliyo kando ya mshono huwa ngumu na kavu kama kioo. Mshono waweza kuwa mzima, chuma kikakatika kando yake. Chuma cha namna hiyo chataka kupashwa moto kwanza, kushonwa kwa rodi maalumu zilizohifadhiwa pakavu, na kuachwa kipoe polepole.

Hayo ndiyo mambo yenyewe. Mbona basi hayafanywi? Wako watakaosema kuwa mafundi wetu ni wavivu au hawajui. Siafikiani nao. Nimewaona mafundi wa Thika wakiunda mashine za kukatia majani ya ng'ombe ambazo mhimili wake wa mviringo hushonwa kwenye gurudumu bapa, nazo huzunguka kwa kasi miaka na miaka bila kuachana. Fundi huyo huyo ajuaye kushona mhimili hawezi kusemwa kuwa hajui kushona bawaba.

Jibu limo katika mapatano ya bei. Jiweke katika nafasi ya fundi. Bei ya bati aipangaye ni mwenye duka, ya umeme ni kampuni ya umeme, na ya kibanda ni mwenye kiwanja. Mteja akiivuta bei chini, fundi hana budi kupunguza kitu. Hawezi kupunguza simba wala mikuki, kwa maana hivyo ndivyo mteja avitazamavyo. Hawezi kupunguza rangi. Kitu pekee kiwezacho kupunguzwa bila kuonekana ni mshono wa shina, kule chini bondeni, pamoja na ile robo saa ya kugonga mavi ya chuma na kushona tena. Hivyo mnunuzi aliyejisifu kuwa amemshinda fundi kwa maneno amejinunulia lango lenye sura ya lango. Rahisi hugharimu.

Katika zama za kale jambo hili lilikuwa gumu kutokea. Miongoni mwa Wagikuyu, mhunzi, ambaye wao humwita mũturi, aliheshimiwa na kuogopwa, na laana yake ilihofiwa na wengi. Lakini heshima hiyo ilikuwa na upande wa pili: mhunzi na mwenye jembe waliishi pamoja, na jembe likivunjika kabla ya mvua kwisha, kila mtu alijua lilitoka kwenye fuawe ya nani. Leo lango huuzwa kando ya njia kuu kwa mtu ambaye fundi hatamwona tena. Hakuna laana, hakuna jina, na hakuna anayerudi kuuliza. Kama jirani hawezi tena kuwa mkaguzi, basi sharti apatikane mkaguzi mwingine.

Hata mataifa yaliyotutangulia katika ufundi huu hayakuijifunza kazi ya ukaguzi kwa hiari. Oscar Kjellberg wa Uswidi alipata hataza ya rodi iliyopakwa dawa mwaka 1907, na kuanzia hapo ufundi wa kuchomelea ukaenea duniani kote. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Wamarekani walijenga meli kwa maelfu kwa kuchomelea badala ya kupigilia ribiti. Mnamo Januari 1943 meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady, iliyokuwa imetulia gatini huko Oregon, ilikatika karibu vipande viwili kwa kishindo kikubwa. Haikuwa imegongwa wala kupigwa bomu. Uchunguzi wa mkasa huo na mingine mingi iliyofanana nao ulionyesha kuwa chuma chenyewe kilikuwa kikavu kwenye baridi, kwamba miundo ilikuwa na pembe zilizokusanya nguvu mahali pamoja, na kwamba palikuwa na mishono mibovu ambamo nyufa zilianzia. Tangu hapo sheria za chuma, za miundo na za upimaji wa mafundi zikakazwa. Ufa wa meli na ufa wa bawaba ni ndugu. Tofauti ni ukubwa tu.

Sisi hapa tumefanya nini? Kusema kweli, serikali haikulala usingizi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ndiyo iliyoutangazia ulimwengu umuhimu wa kazi hizi ndogo ndogo nchini Kenya. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na vibanda vikaanza kujengwa. Mwaka 1992 ukatolewa waraka rasmi wa bunge kuhusu jua kali, na mwaka 2012 ikatungwa sheria ya biashara ndogo iliyounda mamlaka ya kuzisimamia. Yote hayo ni mema. Hata hivyo, ukiyachunguza utaona kuwa kwa sehemu kubwa yalihusu paa juu ya kichwa cha fundi, kiwanja chini ya miguu yake na mkopo mfukoni mwake. Mshono haukutajwa sana.

Aidha, kuna jambo moja linaloonyesha jinsi usalama wa mnunuzi na wa fundi ulivyofungwa pamoja. Mafundi wengi huchomelea wakiwa wamevaa miwani ya jua tu. Mwanga wa tao una miale isiyoonekana iunguzayo macho, na miwani ya jua haiizuii vya kutosha. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga uliomwagwa machoni, na wengine hujibandika vipande vya viazi wakitafuta nafuu. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kuchomelea, pamoja na miale hiyo, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Haya ni madhara ya fundi. Lakini tazama na upande wa pili. Fundi asiye na kinyago chenye kioo cheusi kinachofaa hulazimika kugeuza uso au kufumba macho tao linapowaka. Asiyekitazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka hawezi kujua kama kimefika kwenye shina la bonde. Anashona kwa kukisia. Anayemnyima fundi bei ya kutosha kununua kinyago amelipia mshono ulioshonwa na mtu aliyefumba macho.

Ningependa sasa kupendekeza mambo manne.

La kwanza ni la mnunuzi. Usikubali kuliona lango kwa mara ya kwanza likiwa limekwisha pakwa rangi. Weka ahadi na fundi uje kulitazama likiwa tupu. Inama. Tazama kama bonde la bawaba limejaa pande zote mbili, kama kuna matundu, na kama ganda limegongwa. Ukiona puti imejazwa mahali pa mshono, shukuru, uondoke.

La pili ni la fundi. Chomelea kipande cha mfano, upande mmoja tu, ukifunge kwenye jiliwa na ukipige kwa nyundo hadi kivunjike mbele ya mteja. Kikipasuka, ndani kitaonyesha kila kitu: kama chuma kilishikana hadi shina, kingo zitakuwa za kijivu na zenye chembechembe, kama hakikushikana, mstari wa chuma kisichoguswa utaonekana hata kwa asiyesoma. Jaribio hili halihitaji maabara wala umeme wa ziada, na hutumia rodi moja tu. Fundi aliye tayari kuivunja kazi yake mbele ya mteja ana haki ya kutaja bei na kusimama nayo.

La tatu ni la wale wanaotumia fedha za umma. Mwaka 2020 serikali iliwapa mafundi wa jua kali kazi ya kutengeneza madawati ya shule kote nchini, na hapo ilidhihirika kwamba hazina ya umma yaweza kuwa mteja mkubwa kuliko wote. Mteja wa namna hiyo ana uwezo wa kubadilisha desturi. Kamati ya shule au ya eneo bunge inapoagiza lango, bembea au ngazi, iandike katika mkataba kwamba mshono wa mfano utavunjwa na kutazamwa kabla ya rangi kupakwa. Sentensi moja katika mkataba yaweza kuokoa mguu wa mtoto.

La nne ni la vyeti. Mitihani ya ufundi ya serikali, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, imekuwapo kwa miaka mingi, na mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, imepewa jukumu hilo kwa sheria ya mwaka 2011. Mnamo 2024 serikali iliidhinisha sera ya kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupitia darasani. Hii ni nafasi njema. Naomba tu kwamba fundi wa Ruiru au wa Thika atakapokwenda kupimwa, asipimwe kwa vipande viwili bapa vilivyolazwa mezani, kwa maana hivyo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja huvishona. Apewe chuma cha mviringo na chuma bapa, aambiwe avishone wima jinsi lango lisimamavyo, kisha mshono wake ukatwe katikati na kutazamwa. Akifaulu, cheti kitundikwe kibandani mwake, mahali ambapo mteja ataweza kukisoma kabla ya kuanza kubishana bei.

Yamkini kuna watakaosema kuwa masharti haya yatapandisha bei ya malango, na kwamba mwananchi wa kawaida hana fedha. Ni kweli yatapandisha kidogo. Lakini anayetaka kupunguza gharama anaweza kupunguza kile kisichobeba mzigo: amwondoe simba, aiondoe mikuki, aache rangi ya dhahabu kwa wenye nacho, na fedha hiyo ailipe kwa ajili ya mishono mitatu ya ziada katika kila bawaba. Lango lake halitasifiwa sana na wapita njia. Litafunguka na kufungika, mtoto wake ataninginia juu yake ajapokatazwa, na litabaki wima.